Chuma cha Thobias

Dodoma,
8 Oktoba 2023

Baba Mkubwa Bonaventura,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Huku kwetu hatujambo. Winfrida mgongo umempa nafuu, na mtoto anasubiri matokeo ya darasa la saba huku akijifanya hana wasiwasi. Nimeacha kukupigia simu. Mara ya mwisho nilikuambia Winfrida yuko kitandani na mgongo, ukajibu, "Hongereni, wa kike au wa kiume?" Alicheka mpaka mgongo ukazidi kumuuma. Ujumbe wa simu Scola ndiye anayekusomea, na mimi nataka kuandikiana na wewe, si na binti yako. Basi turudi kwenye kalamu, kama ulivyokuwa ukiniandikia nikiwa shule.

Nina shida ndogo. Kile kipindi changu cha chemsha bongo redioni bado kinaendelea, kila siku saa saba, watu wakiwa kwenye chakula. Kila mwezi tuna mada. Tumeshafanya saa, cherehani na miwani. Novemba wakubwa wamechagua bunduki: nani alizitengeneza na kwa nini. Wewe ulifundisha historia maisha yako yote. Nitafutie maswali, yawe ya kweli na yachekeshe kidogo.

Najua utajiuliza kama mtoto wa Jeremia anaweza kutangaza habari za bunduki. Naweza. Ni kazi.

Msalimie Scola.

Mwanao,
Gasper


Rusimbi, Kigoma,
29 Oktoba 2023

Mwanangu Gasper,

Marahaba. Milele amina.

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umeharibika. Sisi tupo. Mvua imeanza, dagaa wamepanda bei, na mimi miguu imevimba tena. Daktari ametaja moyo. Scola ananificha chumvi kama vile mimi ni mtoto.

Kuhusu maswali yako. Nilikuwa nimekaa barazani naandika, akaja Abdulkarimu wa Ujiji, yule rafiki yangu muuza nyavu. Akapiga kelele sikioni:

"Mwalimu, unaandika wosia?"

"Maswali ya bunduki."

"Mzee wa kanisa! Mola akikuita utamwitikia kwa baruti?"

"Akiniita nitakuwa simsikii."

"Hiyo ndiyo dua yako yote," akasema, akaketi, akanisaidia kuchagua.

Uliza hivi: ni mtu wa kazi gani aliyebuni namna ya kulipua baruti kwa kuigonga badala ya cheche? Wengi watasema askari. Alikuwa mchungaji wa kanisa huko Uskoti, jina lake Forsyth, mpenda kuwinda ndege. Bunduki za zamani zilitoa mwako kabla ya mlio, bata wakauona wakaruka. Mchungaji akakereka, na kukereka kwake kukabadili vita vyote vilivyofuata.

Uliza: Gatling, aliyetengeneza bunduki ya mitutu mingi ya kuzungusha kwa mkono, alisomea nini? Udaktari. Aliandika kwamba silaha moja ikifanya kazi ya watu mia, majeshi yatakuwa madogo na watu wachache watakufa. Waache wasikilizaji wacheke wenyewe.

Uliza: Maxim, mwenye bunduki ya kwanza inayojishindilia yenyewe, bunduki yake ilimlipa nini? Uziwi. Hapo Abdulkarimu alinitazama sana.

Na Mauser, Mjerumani, bunduki aliyokuwa akiijaribu ilimtoa jicho moja.

Yanatosha kwa kuanzia.

Sasa kuna jambo, nakuomba ulisome ukiwa umetulia. Thobias mhunzi amerudi. Yuko Mwandiga kwa binti yake, Veneranda. Baada ya kifungo alikuwa Uvinza miaka yote hii, kwenye kiwanda cha chumvi. Amerudi na uvimbe tumboni, hatauona mwaka mwingine. Anataka kuzikwa Kalinzi alikozikwa mama yake. Wazee wa kule wamesema hawana neno, ila mtoto wa Jeremia akubali kwanza, kwa kuwa gobore lililomuua Jeremia lilitoka mikononi mwa Thobias. Veneranda amenijia mimi nikuandikie.

Nakuomba ukubali.

Baba yako mkubwa,
Bonaventura


Dodoma,
26 Novemba 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mtoto amefaulu. Winfrida ameshaanza kununua madaftari, utadhani kesho ndiyo Januari.

Maswali yamependwa kupita kiasi. La mchungaji walikosa wote. Dereva mmoja wa lori alipiga simu akasema Gatling "alipanga hesabu vizuri, ila alisahau kuwa watu wana tamaa." Tumempa fulana.

Kuhusu lile la pili, jibu langu ni hapana.

Nilikuwa na miaka mitano. Namkumbuka baba akitoka na gobore kwenda kuwafukuza nguruwe pori shambani. Kilichorudi kilikuwa kimefunikwa kitenge cha mama. Mama yangu Verediana hajawahi kuolewa tena, na hadi leo akisikia chuma kinagongwa anaingia ndani. Yule mtu alitengeneza mtutu kwa bomba la maji bovu akamuuzia baba. Nani alisema kuwa ni bovu? Ni wewe. Wazee walikuita, polisi wakakuita, ukasimama mbele ya hakimu ukasema chuma ni dhaifu. Nimekua nikijua kwamba katika ukoo wetu kuna mtu mmoja aliyemtetea baba yangu, na ni wewe.

Sasa unaniombea nini, na kwa nini wewe?

Mwanao,
Gasper


Rusimbi,
17 Desemba 2023

Mwanangu Gasper,

Marahaba. Hongera kwa mtoto. Mwambie babu amempa jogoo, atamkuta Kalinzi, akichelewa atakuta manyoya.

Nilitaka kwenda Kalinzi kwa Noeli, lakini Scola amekataa. Anasema barabara itanimaliza. Mama yako alishuka wiki iliyopita akaniletea kahawa na ndizi. Tulikaa pamoja muda mrefu.

Umesema maswali yamependwa, basi nakuongezea. Hili ni la Kalashnikov, Mrusi, ambaye bunduki yake hata watoto wa huku wanaijua kwa sababu ya vita vya ng'ambo ya ziwa. Alikuwa sajini wa vifaru, akajeruhiwa, akaanza kuchora akiwa hospitali. Uliza: uzeeni alimwandikia nani barua? Alimwandikia mkuu wa kanisa lake. Alisema ana maumivu ya roho yasiyovumilika. Aliuliza kama bunduki yake imeua watu, je, yeye ana hatia ya vifo vile? Alikuwa na miaka zaidi ya tisini. Mwaka uliofuata akafa.

Usiliweke saa ya chakula.

Swali lako nimeliona. Mkono umechoka.

Bonaventura


Dodoma,
21 Januari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tumepokea salamu za jogoo. Kwaresima inakaribia na Winfrida tayari ameniondolea nyama.

Hukunijibu. Sitakusukuma, lakini nimehesabu mistari yako: ya Mrusi ni mingi kuliko ya mdogo wako.

Bunduki zilitakiwa ziishe Novemba, ila wasikilizaji wamekataa mada ibadilike. Mmoja kutoka Kasulu ameuliza swali nililoshindwa, nami nimemwahidi nitamletea jibu la mwalimu wangu. Anauliza: kwa nini gobore hupasuka mkononi mwa mpigaji? Mwenzangu studioni akajibu haraka kuwa ni ubovu wa chuma. Yule wa Kasulu akasema, "Hapana kaka, babu yangu alipiga gobore la bomba la maji miaka ishirini. Ulizeni vizuri."

Nakuuliza vizuri.

Gasper


Rusimbi,
25 Februari 2024

Mwanangu Gasper,

Nakusalimu, nawasalimu wote wa nyumbani. Nimeandika barua hii kwa siku kadhaa, ndiyo maana wino haufanani. Scola anadhani naandika kumbukumbu za shule. Namwacha adhani.

Jibu la msikilizaji wako ni hili. Gobore hupakiwa kwa mdomo: baruti, tambara, gololi, kisha unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama lina kitu ndani. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, baada ya mapigano ya Gettysburg ziliokotwa bunduki zaidi ya elfu ishirini na tano. Maelfu zilikuwa zimeshindiliwa mara mbili na zaidi, na moja, inasemekana, mara ishirini na tatu. Mtu katika hofu alishindilia juu ya alichokwisha kushindilia. Mtutu wa namna hiyo ukiwashwa hupasuka, hata ungekuwa wa kiwandani.

Habari hiyo niliifundisha darasani. Niliijua kabla baba yako hajafa.

Nyumbani kwetu Kalinzi gobore lilikaa juu ya meko, baruti isipate unyevu. Babu yako alituwekea sheria. Anayeshindilia anafunga kamba ya mgomba kwenye kifyatulio. Anayepiga anaifungua. Kamba ipo, limejaa. Kamba haipo, ni tupu. Alituzoesha kuiamini kamba bila kutumbukiza mdeki kupima. Jeremia aliiamini kama Baba Yetu.

Mwaka 1981, wakati wa masika, nilipanda Kalinzi mwisho wa juma na boksi la mitihani ya wanafunzi wangu. Jumamosi jioni nguruwe waliingia kwenye muhogo. Nikashindilia gobore, nikafunga kamba, nikakaa shambani. Mvua ikashuka, nguruwe wakaondoka, nikalirudisha mekoni na kamba yake. Hapo sikuwa na kosa.

Jumapili nilikuwa na haraka ya kuteremka mjini kwa baiskeli. Kamba ya kufungia boksi ilikatika. Nikatazama huku na huku. Nikaifungua ile ya kwenye gobore, nikafungia mitihani. Nilijisemea nitampitia Jeremia kwenye kitalu cha kahawa nimwambie. Nilipofika njia panda, wingu lilikuwa limeziba kilima chote cha kitalu, nikafikiria karatasi kulowa. Nikashuka mjini bila kumwambia.

Jumanne nguruwe walirudi. Baba yako alitazama kifyatulio, akaona hakina kamba, akashindilia.

Niliitwa siku ya pili yake. Wazee wakanipa mtutu uliopasuka mkononi, wakasema, "Mwalimu, wewe umesoma, tuambie." Thobias alikuwa amesimama pembeni, analia kama mtoto, maana Jeremia alikuwa rafiki yake. Niliugeuza mtutu. Nikaona kila kitu. Ningeweza kusema neno moja. Mama yako alikuwa ameketi chini, wewe umemshika nguo. Nikasema, "Chuma kibovu."

Nilidhani nimesema jambo la siku moja. Nikatakiwa kulirudia polisi, na mahakamani. Thobias alifungwa miaka saba. Niliporudi chumbani kwangu mjini, boksi la mitihani lilikuwa bado chini ya meza, limefungwa. Kamba ile niliichoma. Mitihani niliisahihisha.

Mwaka jana aliporudi nilikwenda Mwandiga kumtazama. Nilitegemea anitukane. Aliniketisha, akamwita Veneranda alete chai, akasema, "Mwalimu, nilitaka nikushukuru kabla sijafa. Ulisema kweli. Mimi nilikuwa nadhani najua chuma. Ndiyo maana sikushika nyundo tena, nisije nikaua mwingine." Gasper, yule mtu anaamini. Miaka yote hii anaamini kwamba alimuua rafiki yake kwa mikono yake. Nilikunywa chai yake nikaondoka.

Nimeungama kwa padre. Aliniambia toba yangu haijakamilika mpaka nimrudishie mtu jina lake. Sina miguu ya kufika Mwandiga tena, na Scola simwezi: nikianza kusema, natazama uso wake nanyamaza. Wewe ndiye mtoto wa Jeremia. Chukua barua hii, mpelekee Thobias, umsomee yote. Asife hivyo. Kisha nifanyie utakalo.

Bonaventura


Rusimbi,
14 Aprili 2024

Gasper,

Barua yangu ya Februari ilikufika? Veneranda anasema baba yake sasa anakunywa uji tu.

Nijibu hata kwa tusi.

B.


Dodoma,
19 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Hukuniona Rusimbi, lakini nilikuwa huko. Nilipita Kigoma tarehe mbili mwezi huu nikaondoka tarehe nne. Thobias alifariki mwisho wa Aprili. Veneranda alinipigia simu, namba alipewa na mama. Alisema, "Kaka Gasper, maiti iko ndani, wazee wa Kalinzi wananiambia nikusubiri." Nikapanda gari.

Barua yako ilinifika Machi. Niliisoma studioni dakika chache kabla ya kipindi, nikasoma maswali hewani na sauti haikutetemeka, hapo nikajiogopa. Niliiweka kwenye droo. Kila Jumamosi nilijisemea Jumamosi ijayo. Nilikuwa nataka kwanza kukuchukia mpaka niridhike, ndipo niende. Mzee wa watu akafa.

Kalinzi nilisimama mbele ya watu nikasema mtoto wa Jeremia amekubali. Hayo tu. Barua ilikuwa mfukoni. Mwenyekiti wa kitongoji akasema huu ndio Ukristo. Mama yangu alinishika mkono akasema hakujua amezaa mtu mwenye moyo hivi. Veneranda alipiga magoti mbele yangu, mwanamke aliyenizidi umri, akanishukuru kwa kumsamehe baba yake. Nikamwinua. Nikamwambia yamekwisha, dada.

Na yaishe, Baba Mkubwa. Thobias kazikwa kwao, ulichokiomba umekipata. Mwambie padre imetimia. Mama ana amani. Nikisema sasa, Veneranda ataniuliza ilinifika lini, na sitakuwa na la kumjibu. Nakuomba tunyamaze wote wawili.

Winfrida hajui. Anakusalimu.

Gasper


Rusimbi,
29 Mei 2024

Gasper mwanangu,

Silali tena kwa ubavu, nalala nimeketi. Naandika kidogo kidogo.

Sina haki ya kukukemea kwa Machi. Lakini hilo la kunyamaza nalijua lilivyo. Mwanzo linakuwa huruma kwa mjane. Halafu unazoea kushukuriwa.

Sikuomba kaburi. Niliomba aambiwe, hakuambiwa. Amebaki binti yake, ambaye amepiga magoti kwa deni lisilo lake. Nimemtuma Scola akamwite aje kwangu Jumapili ya tarehe tisa, baada ya misa. Kama utakuwa umeshamwambia, atakuja au hatakuja, shauri lake. Kama hujamwambia, atayasikia kwangu, pamoja na hilo la droo, na mimi siku hizi pumzi haitoshi kulisema jambo taratibu.

Scola nimemwambia jana. Alitoka nje. Baadaye alirudi akanipa dawa, hajaniita baba tangu hapo.

Bonaventura


Mwandiga,
8 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hii namkabidhi Scola, aliyekuja huku kwa Veneranda, kesho nitafika mwenyewe. Leo sikupita kwako kwanza, maana ningepita nisingetoka.

Nilimkuta Veneranda uani anamenya muhogo. Akaacha kisu akataka kunipikia. Nikamwambia asipike. Nilimsomea barua yako yote, kisha nikamwambia habari ya droo.

Hakulia. Alichukua kisu akaendelea kumenya. Akasema, "Machi baba alikuwa anakula. Machi alikuwa anaketi hapo ulipoketi wewe anauliza mvua imefika wapi."

Nikaikunja barua.

"Kwa hiyo lile bomba lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima."

"Na baba alikuwa fundi?"

"Alikuwa fundi."

"Mimi unaniambia nini? Waambie hao," akaonyesha kwa kisu nyumba za jirani. "Hao ndio waliowaficha watoto wao baba aliporudi."

Nikasema, sauti chini. Akasema, "Si unatangaza redioni wewe? Ndiyo sauti uliyonayo?" Nikasimama, nikasema tena, kwa jina la baba yake, na la baba yangu, na lako. Wakaanza kutoka milangoni, mmoja na unga mikononi. Nikarudia kwa waliochelewa. Nilipomaliza nilidhani imetosha, nikataka kuketi.

Veneranda alikuwa ameshageuka anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye maduka.

"Na wale kule," akasema.

Gasper